Kupita na Kupitisha

Mjumbe hauawi. Methali hii niliifundisha madarasani kwa zaidi ya miaka thelathini, wala sikumbuki mwanafunzi hata mmoja aliyeniuliza kama ina mipaka. Watoto waliikariri, wakaitungia sentensi, wakapewa alama zao, tukaendelea na methali nyingine. Mimi mwenyewe niliwahi kujifunika nayo mwaka 1984, nilipoulizwa swali na mtu niliyekuwa nimemponza. Jambo hilo nitalieleza mbele. Kwanza sina budi kueleza jinsi lilivyofufuka moyoni mwangu baada ya miaka mingi, maana lilifufuliwa na kitu ambacho mzee wa umri wangu, aliyezoea chaki na rejista, hakutazamia kukutana nacho: kanuni za redio.

Mwaka juzi alinitembelea kijana mmoja niliyemfundisha darasa la tano. Namwita kijana, lakini ana mvi. Ni fundi wa mitambo, tena ana leseni ya redio ya ridhaa. Neno ridhaa msomaji amelizoea katika michezo: bondia wa ridhaa ni yule apiganaye bila malipo. Ndivyo ilivyo na redio. Kanuni za kimataifa zinawaeleza watu hawa kuwa ni wenye idhini wanaojishughulisha na ufundi wa redio kwa shauku yao binafsi, pasipo masilahi ya fedha. Kila mmoja hupewa na nchi yake jina la redioni, yaani mchanganyiko wa herufi na tarakimu. Ya kwetu Tanzania huanza na 5H, ya Kenya 5Z, ya Uganda 5X.

"Mwalimu, leo nitakusikilizisha sauti ya angani," aliniambia.

Alikuja na redio ndogo ya mkononi, kompyuta ya kubeba, na antena aliyoiunda mwenyewe kwa vipande vya utepe wa chuma wa kupimia, ule wa maseremala, alivyovifunga kwenye bomba la plastiki. Mke wangu alidhani amekuja kupima kiwanja. Tulisimama uani wakati wa magharibi. Akatazama saa yake, akaielekeza antena chini karibu na upeo wa macho, kisha akaanza kuizungusha polepole kama mtu anayemfuata ndege asiyeonekana. Kilichokuwa kinapita juu yetu ni Kituo cha Kimataifa cha Anga, na masafa aliyofungua ni megahezi 145.825. Ghafla redio ikatoa mikwaruzo mifupi mifupi, kama kitambaa kipya kinapochanwa, na kwenye kioo cha kompyuta ikajitokeza mistari ya herufi na tarakimu. Kila mkwaruzo ulikuwa ujumbe. Mtu fulani huko chini alikuwa ameupeleka juu, chombo kikaupokea na kuurudisha ardhini, na mashine yetu ikausoma. Hazikupita dakika kumi kituo kikazama upande wa pili, redio ikanyamaza, na mbwa wa jirani naye akanyamaza.

Hiyo ndiyo redio ya pakiti. Chuo Kikuu cha Hawaii kilionyesha njia mwaka 1971 kilipoziunganisha kompyuta za visiwa mbalimbali kwa redio badala ya waya. Mei 1978 watu wa redio za ridhaa wa Montreal, Kanada, walirusha pakiti zao za kwanza. Marekani iliwaruhusu watu wake mwaka 1980, na kikundi kimoja cha Tucson, Arizona, kikabuni kisanduku ambacho mtu wa kawaida aliweza kukilehemu nyumbani kwake, akakiweka kati ya kompyuta na redio. Kasi iliyozoeleka ilikuwa biti 1,200 kwa sekunde. Ukurasa kama huu ungechukua robo dakika au zaidi kufika, kama hakuna aliyekatiza njiani. Kwa vijana wa leo huo ni mwendo wa kobe. Kwetu sisi tuliosubiri barua kutoka wilayani wiki tatu, hiyo ni radi.

Nilimwomba anieleze jinsi inavyofanya kazi, naye alinieleza kwa subira ambayo nadhani aliipata kwa mwalimu mwingine. Barua hukatwa vipande. Kila kipande hubeba jina la redioni la mpelekaji na la mpokeaji, kisha maneno yenyewe, kwa kawaida yasiyozidi herufi 256, na mwishoni tarakimu za uhakiki. Mashine inayopokea hupiga hesabu yake. Hesabu zikilingana hujibu kwamba imepata. Zisipolingana hunyamaza, na mpelekaji asiposikia jibu hurudia. Tena kabla ya kurusha chochote mashine husikiliza kwanza kama kuna mwingine anayezungumza, ikimkuta, hungoja. Nimeongoza vikao vya walimu visivyokuwa na adabu hiyo.

"Hizo tarakimu za uhakiki," nilimwuliza, "zinathibitisha nini hasa?"

"Kwamba kilichotumwa ndicho kilichofika, Mwalimu."

"Basi uongo ukitumwa, utafika mzima?"

Akacheka. "Mashine haijui uongo."

Ndipo nikataka kujua ni nani anayejua. Hapo akanisimulia habari iliyonikosesha usingizi usiku ule, na baadaye akaniletea kanuni zenyewe zilizochapwa, nikazisoma kwa miwani na kamusi.

Kanuni za watu hawa ni chache na ni kali. Hawaruhusiwi kulipwa. Hawaruhusiwi kufanya biashara hewani. Hawaruhusiwi kuficha maana ya wanachosema kwa maneno ya fumbo. Yeyote mwenye redio na awasikie. Kutoka nchi moja kwenda nyingine hawapaswi kumbebea ujumbe mtu asiye na leseni isipokuwa wakati wa dharura na maafa, au pale serikali zao zinaporuhusu. Na lazima kila mara wajitaje. Ukizitazama kanuni hizi kwa pamoja utaona zimejengwa juu ya dhana moja, kwamba mbele ya kila redio ameketi mtu, anasikia anachokirusha, na jina lake linajulikana.

Redio ya pakiti iliitikisa dhana hiyo. Miaka ya 1980 watu walianza kuweka masanduku ya barua, yaani kompyuta zilizounganishwa na redio, zikiwaka mchana na usiku. Mtu aliacha barua kwenye sanduku la jirani yake. Usiku sanduku hilo lilililiita sanduku la mji wa pili, likalikabidhi barua zote zinazoelekea huko. La pili likaliita la tatu. Barua nyingine hazikuwa za mtu mmoja bali za watu wote, na hizo zilinakiliwa kila zilipofika, zikasambaa nchi nzima. Yote hayo yalifanyika wenye mitambo wakiwa wamelala. Asubuhi mwenye sanduku alikuta mamia ya barua zimeingia na kutoka chini ya jina lake la redioni, asijue hata moja inasema nini.

Januari 1991 Marekani ilikuwa inaingia vitani katika Ghuba. Mtu mmoja wa huko aliandika ujumbe kwa watu wote wa mtandao, akiwatajia namba ya simu ya kulipia iliyohusiana na kupinga vita hiyo. Masanduku yakaupokea na kuupeleka mbele, kama yalivyopeleka mengine yote. Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano ya nchi hiyo ikasema kutangaza namba ya kulipia ni biashara, na biashara imekatazwa. Ikamwandikia hati ya kosa aliyeutunga ujumbe. Lakini haikuishia hapo. Iliwaandikia pia wenye masanduku kadhaa ambao mitambo yao iliupitisha.

Msomaji anaweza kukisia zogo lililozuka. Wenye masanduku walisema, sisi ni kama posta. Je, tarishi hukamatwa kwa matusi yaliyomo ndani ya bahasha? Waliojibu walisema posta haisomi barua kwa sababu zimefungwa, na sheria inaikataza kuzifungua. Ninyi barua zenu ziko wazi, na kanuni zenu wenyewe zinataka ziwe wazi. Tena posta haisemi kwa sauti yake, bali kinachotoka kwenye antena yako kinatoka kwa jina lako. Hoja hii ya pili ina uzito, sikuweza kuipuuza. Lakini na mimi nilijiuliza: kama kila mwenye sanduku atasoma kila barua kabla ya kuipeleka, mtandao utakwenda kwa mwendo gani? Na atakayesoma akikuta maoni asiyoyapenda, yasiyovunja kanuni yoyote, ataacha kuyatia mfukoni? Nimekuwa mwalimu mkuu. Najua utamu wa kuwa mlango ambao kila karatasi lazima ipitie.

Mwaka 1994 Tume ileile ilitoa kanuni mpya, nayo ndiyo niliyoisoma mara nne. Inasema, kwa maneno yangu, hivi. Mwenye kubeba lawama ya kwanza ni yule aliyeutunga ujumbe. Wale walioupitisha pasipo kujua hawana kosa, ila wakishajua wanapaswa kuusimamisha. Lakini kituo cha kwanza, kile kilichoupokea ujumbe kutoka nje na kuuingiza katika mtandao, hakisameheki namna hiyo. Chenyewe kina mambo mawili ya kuchagua: ama kithibitishe ni nani hasa aliyekikabidhi ujumbe, ama kikubali kubeba lawama yake kana kwamba ni yake. Hakuna la tatu.

Nilipofika mstari huo niliweka karatasi chini nikatoka kwenda kuangalia kuku, ingawa kuku hawakuwa na shida yoyote.

Mwaka 1983 nilikuwa na miaka thelathini na minne, nami ni mwalimu mkuu kwa mwaka wa pili, katika shule ya msingi ya kijijini. Wasomaji wa rika langu wanakumbuka mwaka ule. Serikali ilikuwa imetangaza vita dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Watu walitupa vitenge na sabuni vichakani usiku kwa hofu ya kukutwa navyo. Asubuhi moja nilikuta karatasi ya daftari imepenyezwa chini ya mlango wa ofisi. Ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa zote, kama afanyavyo mtu anayeficha mwandiko wake. Ilisema kwamba mwalimu wetu wa shamba la shule amemuuzia mlanguzi magunia kumi na moja ya mahindi ya watoto. Chini iliandikwa: MWANANCHI MPENDA MAENDELEO.

Nilifanya nini? Nilifanya nilivyofundishwa. Chuoni kwetu mkufunzi wa utawala wa shule alituambia kwamba mwalimu mkuu ni daraja. Barua ya mwalimu kwenda wilayani huandikwa "kupitia kwa" mwalimu mkuu, na kazi ya daraja ni kuvusha. Nikachukua karatasi ya ofisi, nikaandika "Yah: Upotevu wa Mahindi ya Shule", kisha mstari mmoja: naambatanisha barua hii kwa hatua zinazofaa. Nikatia sahihi na mhuri. Sikuandika kwamba naamini, wala kwamba siamini. Nilijiona mwerevu sana kwa mstari ule. Karatasi isiyo na jina iliingia ofisini kwangu ikiwa takataka, ikatoka ikiwa waraka wa Serikali wenye kumbukumbu namba.

Kabatini kwangu, hatua tano kutoka kwenye meza ile, kulikuwa na leja ya ghala. Sikuifungua.

Baada ya siku chache walikuja watu kwa Landrover, wakamchukua mwalimu yule darasani akifundisha sehemu za kumi. Ubao ulibaki na hesabu yake nusu. Alikaa rumande wiki tatu. Kisha alisimamishwa kazi miezi saba kwa nusu mshahara, na nusu ya mshahara wa mwalimu mwaka 1983 ilikuwa kitu cha kumpa mtoto aende dukani. Mkewe aliuza cherehani.

Ni huyo mkewe aliyekuja ofisini wiki ya pili ya rumande. Hakulia wala hakunishutumu. Aliniambia tu kwamba mume wake amesema leja itazamwe, ukurasa wa mwaka uliotangulia. Alipoondoka niliifungua. Magunia kumi na moja yalikuwa yameazimwa shule jirani ambayo shamba lake liliharibiwa na viwavijeshi. Yameandikwa, tarehe ipo, sahihi ya mwalimu mkuu aliyenitangulia ipo. Na chini ya ukurasa ilikuwapo sahihi yangu mimi, niliyoitia siku ya makabidhiano nikithibitisha kwamba nimeisoma leja na kuielewa.

Sasa msomaji afikirie: ningepaswa kupanda baiskeli saa ileile. Nilikaa siku nne. Nilijiambia nangoja siku ya soko ili nipate lori. Ukweli ni kwamba kuipeleka leja ile kulikuwa ni kuonyesha kwamba nimetia sahihi nisichokisoma, kisha nimepeleka tuhuma ambayo jibu lake lilikuwa kabatini mwangu. Siku ya tano niliipeleka, na kwa sababu mambo ya ofisi yana mwendo wake, haikumtoa mara moja. Hata hivyo siku nne hizo ni zangu. Hazimo katika faili lolote.

Alisafishwa, akahamishiwa shule nyingine. Mwaka 1984 nilikutana naye stendi ya basi. Alinizidi miaka kama minane, nikamwamkia: "Shikamoo, kaka." Akaitikia marahaba kwa sauti ya kawaida. Tukaulizana habari za watoto. Kisha akaniuliza:

"Ile barua ilipita kwako, au uliipitisha?"

Nikamjibu: "Ilipita, kaka. Si unajua, mjumbe hauawi."

"Hauawi, kweli," alisema, akapanda basi lake.

Nilifundisha Kiswahili maisha yangu yote, lakini aliyenifundisha tofauti ya pita na pitisha ni mwalimu wa shamba. Maji hupita. Upepo hupita. Kitu kikipita kwako hukuhitaji kuwa na nia yoyote. Kupitisha ni tendo, lina mtendaji. Tena lugha yetu imelipa neno hilo maana ya pili ambayo haikuja kwa bahati: Bunge hupitisha muswada, kamati hupitisha bajeti. Kupitisha ni kukubali. Mhuri wangu haukujua tofauti ya maana hizi mbili, na wale waliokuja na Landrover hawakuwa na sababu ya kuijua. Waliona mhuri.

Kuna habari nyingine fupi ambayo ningependa kuiacha, ila kuiacha kungenifanya nionekane nilijifunza. Mwaka 1986 ilikuja karatasi nyingine isiyo na jina, safari hii kwa mwandiko wa mtoto. Ilisema mwalimu mmoja huwapeleka watoto nyumbani kwake kuponda kokoto saa za masomo, na kwamba mmoja ameumia mguu na ameonywa asiseme. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Niliitia karatasi ile kwenye droo. Nilisema moyoni, mimi na barua zisizo na majina basi. Nikajisifu kwa busara. Siku ya kufunga shule, wakati watoto wanaandamana kwa ngoma, nilimwona mmoja wa darasa la nne akichechemea nyuma ya wenzake, mguu umefungwa kitambaa kilichokwisha badilika rangi. Kidonda kilikuwa cha wiki nyingi. Alipona, lakini mguu ule haukunyooka tena.

Kwa miaka mingi nilizihesabu barua hizi mbili kama mizani: moja niliipeleka nikakosa, nyingine niliizuia nikakosa, basi mwanadamu afanyeje? Nilikuwa nimekwisha kukubali kwamba hayo ni majaaliwa ya kazi ya uongozi. Kanuni ile ya redio ndiyo iliyoniharibia faraja hiyo, kwa sababu haiulizi kama upeleke au uzuie. Inauliza ni nani atakayesimama nyuma ya maneno. Kama unamjua aliyekupa, mtaje. Kama humjui, au unamjua na hutaki kumtaja kwa kuwa ni mtoto atakayepigwa, basi maneno ni yako, wewe ndiye mwandishi. Kwa mtoto wa kokoto jambo hilo lilikuwa rahisi mno: kutembea hadi darasani, kutazama miguu, kisha kuandika wilayani kwa jina langu kwamba mimi nimeona. Kwa mwalimu wa shamba lilikuwa rahisi zaidi: kufungua leja, na baada ya kuifungua kutokuwa na chochote cha kuandika.

Nakubali kwamba kanuni hii haimalizi mambo yote. Kituo cha kwanza kinaweza kuwa na woga, kikakataa kila ujumbe kutoka kwa mtu kisiyemfahamu, na hapo wanyonge watakosa pa kuingilia. Kuthibitisha mtu ni nani si sawa na kuthibitisha kwamba anasema kweli. Mwongo mwenye leseni ni mwongo vilevile. Na vituo vya pili na vya tatu vilisamehewa kwa sababu havikujua, lakini kuna kutojua kwa mtu aliyelala usingizi na kuna kutojua kwa mtu aliyefumba macho. Kanuni haiwezi kuingia kifuani ikapima. Fundi wangu alinikumbusha pia kwamba iliandikwa kwa watu wachache, wanaojuana kwa majina ya redioni, waliofanya mtihani kabla ya kupewa leseni. Ni kweli. Sisi wengine tumepewa mitambo mikubwa kuliko yao bila mtihani wowote.

Katika kikundi cha simu cha walimu wastaafu wa wilaya yetu, mwenzetu mmoja amekwisha kufa mara mbili. Mara ya kwanza tulichanga rambirambi. Nilipofuatilia habari ilikotoka, kila mmoja alisema ameletewa na mwingine, hadi tukafika kwa mtu aliyesema ameikuta kwenye kikundi kingine. Hakukuwa na kituo cha kwanza. Mwaka 2020 wenye WhatsApp waliweka kikomo, ujumbe ambao umekwisha kupitishwa mara nyingi upelekwe mahali pamoja tu kwa wakati mmoja. Hilo linapunguza mwendo, kama matuta barabarani. Halisemi aliyeanza ni nani. Marehemu mwenyewe, ambaye yu hai na anafuga nyuki, alituambia kikundini kwamba zile fedha tulizochanga tumpelekee tu.

Baada ya fundi wangu kuondoka nilitafuta habari za mwalimu wa shamba. Niliambiwa yu hai, anaishi kwa binti yake mji mwingine, amepoteza nguvu za miguu lakini macho yake yanaona. Mkewe, yule wa cherehani, alifariki. Nilianza barua mara tatu. Ya kwanza ilikuwa ndefu na ilieleza sana habari za mwaka 1983 na hofu iliyokuwapo. Nikaichana, kwa kuwa anazijua kuliko mimi. Ya pili ilikuwa na methali. Ya tatu ilikuwa nusu ukurasa. Nilimwandikia kwamba lile swali aliloniuliza stendi nililijibu kwa uongo, kwamba barua ile niliipitisha, na kwamba leja ilikaa mezani kwangu siku nne kabla ya kuipeleka, na sababu yake. Hilo la siku nne sidhani kama alipata kulijua.

Niliipeleka ofisi ya mabasi. Binti wa vifurushi aliitazama bahasha, akaniuliza jina la mtumaji, namba ya simu, na kilichomo ndani. Nikamwambia ni barua tu. Akaandika jina langu kwenye kitabu chake, akanigeuzia kitabu ili nihakikishe kama amelipatia, nami nikasoma mstari mzima kabla ya kutia sahihi. Hiyo ilikuwa Jumanne. Binti wa mwalimu alinipigia simu Alhamisi kwamba bahasha imefika, na kwamba babu ameisoma mwenyewe, kisha akaomba asomewe tena.

Zaidi ya hapo hakusema kitu, nami sikumwuliza.